Sahihi ya Kushuka

Siku mliyoniaga nikistaafu ulinzi, kwa keki na soda, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu kama lile kabati la chuma la kuwekea bastola limewahi kusaidia chochote. Nilicheka, nikaendelea kukata keki. Swali lile halijibiwi na mtu mwenye kisu mkononi na watu arobaini wanaosubiri kipande. Nimerudi nyumbani, nimekaa, na sasa nawajibu. Mtanisamehe nikienda polepole.

Nilifika Upper Hill, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati kila jumba la vioo lilikuwa limeanza kutaka mtu wa kupekua mlangoni. Kabla ya hapo nililinda duka la viatu mjini, ambako adui mkubwa alikuwa mtu anayekuja kujaribu kiatu na kuondoka amekivaa. Jumba letu lilikuwa na ghorofa nane. Kulikuwa na daktari wa meno, watu wa bima, na mawakili ghorofa ya tano. Tangazo mlangoni lilisema hakuna silaha kupita hapa. Mwenye kibali cha bastola aliiacha kwetu kaunta, tukaifungia kabatini, tukampa kibati cha shaba chenye namba, naye akapanda lifti. Akishuka alirudisha kibati, akatia sahihi, akachukua bastola yake akaenda.

Siku ya kwanza niliona ndoo ya mchanga chini ya kaunta nikadhani ni ya kuzimia moto. Nikatupa ganda la ndizi ndani. Aliyekuwa akinifundisha kazi, Wafula, mtu mfupi wa Bungoma asiyekosa njugu mfukoni, aliinama akaliangalia lile ganda kwa muda.

"Sista," akasema, "hiyo ndoo ni ya mtu kuelekeza mdomo ya bunduki akitoa risasi. Ikitoka kwa bahati mbaya, iingie mchanga. Sasa wewe umeweka ndizi. Ikitoka leo tutakula smudi ya ndizi."

Nilicheka, lakini saa moja baadaye nilishika bastola kwa mara ya kwanza maishani na kicheko kikaisha. Uzito wake nilikuwa nimeutarajia. Kilichonitisha ni kwamba ilikuwa na joto. Ilikuwa imekaa kiunoni mwa mtu tangu asubuhi na ilikuwa na joto la tumbo lake, kama yai lililotolewa chini ya kuku. Mkono wangu ulinuka chuma na mafuta mpaka jioni, na chakula cha usiku kilinishinda. Miaka yote niliyofanya kazi ile, hofu ile haikuniisha. Anayewaambia kwamba mtazoea ni mwongo, au ameshaacha kuangalia anachoshika.

Wafula ndiye aliyenionyesha daftari. Nyinyi mnatumia kadi na kompyuta, kwa hiyo nieleze. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili. Mwenye bastola alitia sahihi safu ya kushoto akipanda, na safu ya kulia akishuka. Pale kulia sahihi zilikuwa mbili, yake ya kupokea na ya askari wa kaunta kwamba amempa. Kampuni ililitaka daftari lile kwa sababu ya bima. Wafula alilisoma kama nesi anavyosoma kipimajoto.

"Uso ya mtu wa Nairobi imezoea kudanganya," aliniambia. "Wewe tazama mkono kwanza. Alivyoandika akienda juu, ndivyo ameandika akishuka? Kama si hivyo, ufunguo imepotea."

Ufunguo haukuwahi kupotea hata siku moja, ulining'inia shingoni mwake. Lakini mtu akishuka sahihi imepanda nje ya mstari, Wafula alipapasa mifuko, akasikitika, akasema supavaiza ameenda nao geti la nyuma, bosi, keti kidogo. Akamletea kiti, akamkaribisha chai ya chupa na njugu. Niliwahi kuona bwana mmoja, aliyetoka kwa wakili wa mkewe akiwa amefura kwa hasira, akikaa kwenye kile kiti dakika arobaini. Alipoondoka, shida yake kubwa ilikuwa choo kiko wapi.

Nilimwambia Wafula kwamba yeye ni daktari. Akatema ganda la njugu. "Mimi siponyeshi mtu, Sista. Nachelewesha tu. Ugonjwa anarudi nayo nyumbani."

Maneno hayo niliyasikia na nikayaacha yapite. Ningeyashika, nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

Bwana Njuguna alianza kuja mwaka wa tatu wa kazi yangu pale. Alikuwa mwenye nyumba za kupanga, akikaa mtaa wa Jamhuri, mtu wa kanisa, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Kibati chake kilikuwa namba saba kila mara, aliuliza kama kiko wazi. Alikuja kwa mawakili wa ghorofa ya tano kwa sababu ya ploti ya marehemu baba yake huko Dagoretti. Baba alikuwa ameacha maandishi kwamba nusu ya mbele, ile inayotazama barabara, apewe binti. Njuguna, kifungua mimba, alipewa nusu ya nyuma.

Binti huyo alikuwa Wangari. Nilimjua kabla sijamjua kaka yake, maana ndiye aliyenisuka. Saluni yake Kenyatta Market ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kimoja, viti viwili, na stovu ya mafuta ya taa mlangoni yenye sufuria ya maji yanayotokota, ya kuchovyea ncha za nywele zikishasukwa ili zisifumuke. Msusi wa vidole vyepesi namna ile sijaona tena. Aliniita Mama Sharon, jina la binti yangu, na alinisuka kila baada ya wiki sita huku akinipa habari za mji mzima. Alikuwa ameolewa, akapigwa, akarudi kwa baba yake na watoto wawili. Ndiye aliyemwosha baba na kumlisha kwa kijiko mpaka akafa.

Njuguna naye alinieleza yake siku moja akisubiri lifti. Sikumuuliza. Alikuwa anatazama kabati ninavyolifunga.

"Soja, usidhani hiyo kitu ni ya kuua mtu," akasema. "Wezi waliingia kwangu, wakanifunga na waya mbele ya watoto. Mimi, baba yao, nikalia. Tangu hiyo siku sijawahi kulala bila hiyo kitu hapo kando. Hiyo ni ya kulala."

"Pole sana," nikasema.

"Watu wote walisema pole," akajibu, na lifti ikafika.

Nilimhurumia, sitaki kuwaficha. Na nilimwogopa palepale.

Kisha Wafula akahamishwa, na jumba likapata meneja mpya, kijana mwenye viatu vyenye ncha. Meneja alitaka wageni wahudumiwe haraka. Mteja mmoja alilalamika kwamba ufunguo wa kaunta hupotea sana, nami nikapewa barua ya onyo. Ilisema kwamba mwenye kibali halali, akirudisha kibati na kutia sahihi, arudishiwe mali yake bila kucheleweshwa. Niliikunja nikaiweka mfuko wa shati, ikawa inanikwaruza kifuani kila nikiinama.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana mweupe, jua kali. Kaka na dada walikuwa wameitwa pamoja ghorofa ya tano kusomewa uamuzi wa ile ploti. Wangari alishuka kwanza. Macho yalikuwa yamevimba lakini alikuwa anatabasamu.

"Mama Sharon, wamesema maandishi ya baba yasimame," akaninong'oneza. "Naenda kazini, kuna mteja ananingoja. Jumamosi usikose."

Akatoka, akashika njia ya hospitali kubwa, ile inayokupeleka sokoni kwa miguu. Dakika chache baadaye Njuguna akashuka. Hakuniangalia. Aliweka kibati namba saba kwenye kaunta, akavuta daftari, akatia sahihi. Kalamu ilipasua karatasi, ikaingia mpaka ukurasa wa chini.

Niliitazama sahihi ile. Barua ilikuwa hapa kifuani. Ufunguo ulikuwa hapa shingoni.

"Ufunguo... supavaiza ameenda nao," nikasema. "Keti kidogo, bosi. Kuna chai."

"Soja, usinifanye mjinga."

"Dakika kumi tu."

"Nusu ya mbele!" akasema, si kwa kunipigia kelele, kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto mbaya. "Wanaume wenzangu wananiuliza kama nimeolewa mimi. Nipe hiyo kitu."

"Ufunguo haupo."

Alipiga kaunta kwa kiganja mpaka ndoo ikaruka, akakiokota kibati chake, akageuka akatoka. Halafu, wanangu, nikaona fahari. Nilipiga kabati kofi dogo kama mtu anayesifu ng'ombe. Bastola iko ndani, nikajiambia, mambo yamekwisha. Nikafungua mfuko wangu nikatoa chapati nikala.

Simu ilikuwa mfukoni. Namba ya Wangari ilikuwa ndani ya simu. Kutoka pale mpaka Kenyatta Market kwa miguu ni nusu saa na zaidi, kwa gari ni mara moja, na yeye alikuwa anatembea. Ningepiga ningesema, usiende kazini leo, pitia kanisani, pitia popote. Haikunijia kabisa. Miaka ilikuwa imenifundisha kwamba hatari ni kile chuma, na kwamba nikikifungia nimeifungia hatari. Hilo ni kosa la watu wa kaunta. Mtu wa kawaida, asiyejua kupekua, angemtazama yule bwana akitoka na angekimbilia simu.

Aliyepiga simu ni msusi jirani wa Wangari. Nilisikia kelele za soko nyuma yake, na mtu analia.

"Mama Sharon, kuja hospitali. Bro yake amekuja hapa. Amechukua ile sufuria."

Njuguna alikuwa amefika kabla ya dada yake na kumngoja. Hakuwa na silaha yoyote, kama kampuni na tangazo la mlangoni vilivyotaka. Alichukua kilichokuwapo. Maji yale yalimpata bega, mkono wa kulia, na kiganja alichoinua kukinga uso. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Labda. Mimi nimekaa kando ya kitanda nikashika mguu wa mtu aliyechomwa nayo, kwa sababu mguu ndio pekee ningeweza kuushika, na sitaki kuusikia msemo ule tena.

Siku ya nne aliweza kusema. Nilimwambia yote, bastola, ufunguo, chapati, simu. Nilitaka anitukane.

"Ungempa, ningekuwa mochari," akasema. "Asante." Kisha baadaye, nikidhani amelala: "Lakini Mama Sharon, si ungenipigia?"

Nilimfunika mguu kwa shuka, nikatoka.

Wangari hakushtaki. Mama yao alikuja wodini, akapiga magoti pale sakafuni, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akauliza, "Utafunga mtoto wa tumbo langu?" Wazee wa kanisa wakaja na Biblia na maziwa. Ikasemwa ni mambo ya nyumbani, yatatatuliwa nyumbani. Mimi nilikwenda kituo cha polisi kimoja nikaeleza kwamba kuna mtu ana kibali na hafai kuwa nacho. Afisa alinisikiliza kwa adabu. Aliniuliza kama mtu huyo ameshikwa na bunduki akifanya ubaya. Nikasema hapana, ilikuwa kabatini kwangu. Aliniuliza kama kuna mlalamishi. Nikasema hapana.

"Sasa mama, mimi niandike nini?" akasema, na kalamu alikuwa ameishika tayari.

Bastola ikabaki kabatini, kwenye kimlango namba saba. Kila asubuhi nilifungua zamu nikiangalia kile kimlango, na kila asubuhi ilikuwepo, na kila jioni niliomba Mungu Njuguna asije. Usiku niliota kwamba ina joto.

Alikuja wiki ya nne, Jumatatu saa nne asubuhi. Suti ya kijivu, ndevu zimenyolewa, harufu ya sabuni. Aliweka kibati kwenye kaunta taratibu, bila kukigonga.

"Soja, habari ya siku mingi. Nimekuja kuchukua kitu yangu."

Nikamsogezea daftari. Alitafuta ukurasa wa siku ile mwenyewe, akalainisha pale karatasi ilipopasuka kwa kidole gumba, na kando yake akaandika sahihi nzuri, imenyooka, kila herufi mahali pake. Ilikuwa sawasawa na ya kupanda. Kwa kipimo cha Wafula mtu yule alikuwa mzima.

Sijawahi kuogopa kitu chochote kama nilivyoiogopa sahihi ile. Iliyopasua karatasi ilikuwa ya mtu aliyekasirika, na hasira unaweza kuikalisha kwenye kiti ukaipa njugu. Hii ilikuwa ya mtu aliyemwaga maji yale, akaenda nyumbani, akala, akasamehewa.

"Sasa wewe," akasema, akinionyesha nafasi yangu kwenye mstari. "Na leo usiniambie ufunguo."

"Ufunguo ninao," nikasema. "Sahihi ndiyo sitatia."

"Kwa nini?"

"Ninaogopa."

Nilidhani atacheka au atanipiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona alivyokonda, na mifuko chini ya macho yake.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Sijalala wiki nne. Ndiyo maana naitaka."

Meneja alishuka na viatu vyake vyenye ncha. Alisoma kibali, kilikuwa halali. Alisoma kitambulisho, kilikuwa chake. Akanyoosha mkono nikampa ufunguo, na nafasi yangu kwenye mstari akatia sahihi yake. Njuguna alielekeza mdomo wa bastola kwenye ndoo ya mchanga, akaingiza risasi bila haraka, akashukuru, akatoka. Kila kanuni ilifuatwa. Ile kanuni ilikuwa na macho mpaka mlangoni tu, na nje ya mlango ikawa kipofu.

Mchana huo nilimpigia Wafula simu huko alikohamishiwa, nikamweleza. Nilisikia njugu zinavunjwa. "Hiyo sikujua, Sista," akasema. "Ya mtu aliyetulia, hiyo sikuwahi fikiria." Nikamsikia ameogopa, na hapo nikajua hakuna wa kumuuliza tena.

Nilihamishiwa geti la nyumba za kupanga Jamhuri, mitaa miwili kutoka kwake, na nililinda hapo mpaka nikastaafu. Kampuni ilisema ni uhamisho wa kawaida. Nimeona gari lake likipita mara nyingi. Mara nyingine alinipungia mkono. Gurudumu la lori likipasuka Ngong Road kama risasi, nilikuwa natoa simu kabla sijajua nimeitoa, nampigia Wangari, namuuliza bei ya kusuka rasta. Alijua. Alijibu bei na tukaagana.

Sasa swali lenu. Ndiyo, lile kabati lilisaidia. Wangari yuko hai, na anayetaka kubishana nami juu ya kuzuia bastola mlangoni aje kwanza amwone. Fungeni makabati yenu, na mtu akikosa adabu kwa sababu mmemwambia aache silaha, mwacheni akose. Lakini msijidanganye kwamba mmegusa kilichomleta. Mimi nilikaa na ugonjwa wa Njuguna karibu miaka miwili. Alinieleza kwa mdomo wake jinsi alivyolia mbele ya watoto wake, na nikamwambia pole kama wengine wote, nikageuka kuangalia kama kimlango kimefungwa vizuri. Hakuna aliyekalisha hofu ile chini akaiuliza inataka nini, si kanisa, si wakili, si mimi. Walipomwongezea aibu ya dada kupewa ploti ya mbele, ilikuwa imebaki kutafuta tu cha kushika. Ukiona mtu ametoka mikono mitupu na sahihi yake imepasua karatasi, usile chapati. Piga simu.

Wangari bado anasuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena, kwa hiyo kazi ya saa tatu humchukua saa tano, na wateja wengi walimkimbia. Stovu ameihamishia ndani kabisa, nyuma ya pazia. Kiti nacho alikigeuza. Zamani mteja alikaa ametazama kioo, mgongo kwa mlango. Siku hizi anakaa ametazama mlango, na wapya hulalamika kwamba hawajioni. Mimi silalamiki. Yeye lazima atazame nywele, hawezi kutazama mahali pawili, mlango ni kazi yangu.

Kwa hiyo mkisikia nimestaafu, msiamini sana. Nywele zangu zimebaki chache na zote ni mvi, hazihitaji kusukwa mara nyingi hivyo, lakini kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi niko kwenye kile kiti Kenyatta Market, kwa muda wa saa tano nzima. Mtu akiziba mwanga mlangoni, Wangari husimamisha vidole kichwani mwangu akangoja. Natazama mkono kwanza. Kisha namwambia, "Suka."